Mwenda Pole Hahemi: Vidokezo 11 vya Kwenda Nyahururu Wakati wa Baridi

Julai ikifika Juja, huhitaji kalenda. Muuza smokie pale steji anasimama karibu na jiko lake kuliko wateja wake. Mama mboga wa Gachororo amejifunga leso mbili juu ya sweta. Wanafunzi wa JKUAT wanaingia darasa la saa moja na marvin zikiwa zimeshuka hadi kwenye nyusi. Kila anayekusalimia anamalizia kwa neno lilelile: baridi.

Mimi nataka nikushawishi uende mahali penye baridi zaidi.

Tukisikia habari za miji ya milimani yenye ukungu, moto wa kuni na chai ya moto, mawazo yetu hukimbilia Himalaya. Basi sikiliza hesabu hii. Shimla, mji wa India ambako Waingereza walihamishia serikali yao kila msimu wa joto, uko kama mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Darjeeling, mji wa majani chai maarufu, uko chini kidogo ya mita 2,100. Nyahururu yetu iko juu ya mita 2,300. Juja tuko karibu mita 1,500, kwa hiyo unapanda takriban mita 800 ukiwa umekaa kwenye kiti cha matatu, bila viza.

Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Niliondoka alfajiri, nikafika mchana, nikanyeshewa, nikarudi usiku uleule na picha kumi na saba za ukungu. Makosa hayo ndiyo yaliyozaa vidokezo hivi.

1. Chagua baridi yako

Nyahururu ina baridi za aina mbili, na kila moja ina uzuri wake.

Ya kwanza ni ile ya Julai na Agosti, msimu ambao Wakikuyu huuita gathano. Juja wakati huo huwa tumefunikwa na wingu moja la kijivu kuanzia asubuhi hadi jioni. Kule juu mambo ni tofauti kidogo: mara nyingi asubuhi hung'aa, mawingu hujikusanya mchana, na mvua huanguka alasiri. Mashamba huwa ya kijani na mto wenye maporomoko ya mji huo huwa umejaa.

Ya pili ni ya Januari na Februari. Mbingu ni safi, jua la mchana ni kali, lakini usiku hauna blanketi la mawingu. Ndizo nyakati ambazo wakulima wa Nyandarua huamka wakihofia viazi vyao vimechomwa na jalidi. Maji ya maporomoko hupungua, ila milima huonekana vizuri.

Kwa kifupi: unataka maji, nenda Agosti, unataka milima, nenda Januari. Aprili na Mei waachie wenye gambuti. Na kwa kuwa shule hufungwa Agosti, jaribu kwenda katikati ya wiki. Vyumba hupatikana kwa urahisi na bei huzungumzika.

2. Tenga siku tatu

Ni zaidi ya kilomita 200 kutoka Juja hadi Nyahururu ukipitia Nyeri. Ukichanganya kungoja matatu ijae, kubadilisha gari na kunywa chai, weka saa tano hivi. Anayekwenda na kurudi siku moja anatumia karibu saa kumi barabarani ili akae saa mbili kwenye maporomoko. Hapo umelipa nauli ili uione barabara.

Siku tatu zinatosha: ya kwanza ya kusafiri na kupumzika, ya pili ya kuzunguka, ya tatu ya kurudi ukiwa na viazi. Ukiwa na nne, soma kidokezo cha nne.

3. Usirudi ulikopitia

Safu ya milima ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare, imesimama katikati kama ukuta. Nyahururu uko kwenye ncha ya kaskazini ya ukuta huo. Hii ina maana kwamba unaweza kwenda kwa upande mmoja na kurudi kwa mwingine, ukaizunguka milima yote kwa safari moja.

Kwenda, shika upande wa mashariki. Pandia Thika, pita mashamba ya mananasi, Kenol, Sagana na Karatina hadi Nyeri. Hapo badilisha gari upite Mweiga na Ndaragwa. Ukitoka Nyeri, kaa dirisha la kushoto uione milima ya Nyandarua. Oldonyo Lesatima, kilele chake kirefu kuliko vyote, kina mita 4,001. Karibu na Mweiga utapita eneo la Solio, shamba linalojulikana kwa kuhifadhi vifaru. Mlima Kenya utakuwa unakusindikiza kwa nyuma, ukipenda kuonekana. Huonekana zaidi asubuhi mapema. Saa nne ikishapita huwa umekwisha kujifunika.

Kurudi, shika upande wa magharibi: Ol Kalou, Ndunyu Njeru, mji unaoitwa Engineer, Njabini, kisha Flyover kwenye barabara kuu ya Nakuru. Hiyo ndiyo Kinangop, iliyojaa kabichi, viazi na kondoo wenye manyoya mazito kuliko jaketi lako.

4. Wenye watoto au wazee, laleni Nyeri

Nyeri uko kama mita 1,750, ngazi nzuri ya katikati kabla ya kupanda Nyahururu. Mama mkwe hatachoka, na watoto hawatatapika kwenye kona.

Ukiwa hapo, pitia kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti duniani, aliyefariki Nyeri mwaka 1941. Kwenye jiwe kumechongwa duara lenye nukta katikati. Mtoto aliye skauti atakueleza maana yake kabla hujauliza: ni alama ya njiani inayosema "nimekwenda nyumbani." Mwache akueleze. Ni nadra mtoto kuwa mwalimu wa safari.

5. Ujue mwinuko bila kuuogopa

Leh, mji wa Himalaya ulio mita 3,500, mgeni akifika huambiwa apumzike siku mbili nzima kabla ya kufanya lolote. Nyahururu haiko hivyo. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuwasumbua watu wanaopita mita 2,500. Hata hivyo hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya kwetu, na utaijua kwenye ngazi: utapanda kumi, utasimama ukijifanya unatazama mandhari.

Dawa yake ni rahisi. Siku ya kwanza usifanye kitu kikubwa. Kunywa maji hata kama huna kiu, kwani baridi huficha kiu. Pombe ya usiku wa kwanza iahirishe hadi wa pili.

Kuna watu wasiopaswa kwenda kwa kubahatisha. Mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, aongee na daktari wake kwanza. Baridi na mwinuko vinaweza kumwamshia maumivu mtu wa selimundu, na hakuna maporomoko yanayostahili hilo. Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni. Mkoba ulio juu ya keria ya matatu hautamsaidia.

Hata sufuria hujua uko juu. Juja maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi; Nyahururu huchemka karibu na 92. Ndiyo maana githeri ya kule haikubali kuharakishwa. Ukiagiza, usimsukume mpishi.

6. Vaa tabaka tabaka, na ununue kabla ya kwenda

Jaketi moja zito ni kosa la mgeni. Asubuhi utatetemeka, saa sita utaoka, saa kumi utanyeshewa. Afadhali nguo nne nyepesi kuliko moja nzito: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, na jaketi lisilopitisha maji. Ongeza soksi mbili za akiba, marvin, glavu na skafu. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na hapo soksi kavu ina thamani kuliko simu.

Usinunue dukani kwa bei ya mtalii. Mitumba ya Githurai, Thika au Gikomba imejaa masweta ya sufu yaliyofumwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Likunjue, litazame kwapani na kwenye kola, halafu ndipo mzungumze bei.

Viatu viwe na meno. Raba zenye soli laini zilinipeleka chini kwa makalio mbele ya kundi zima la wanafunzi wa shule ya msingi. Walicheka kwa haki.

Na mafuta ya jua usiyadharau. Kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inavyozidi ukali, hata siku ya mawingu. Ngozi nyeusi nayo huchomeka. Huchukua tu muda zaidi kulalamika.

7. Uliza maswali matatu kabla ya kulipia chumba

La kwanza: maji moto yapo saa ngapi? Usiulize kama yapo. Kila mtu atakuambia yapo. Niliwahi kulala mahali palipokuwa na maji moto kuanzia saa tisa hadi saa kumi usiku, na hakuna aliyenidanganya, sikuuliza saa.

La pili: mablanketi ni mangapi? Moja halitoshi. Omba la pili mapema, kabla wageni wengine hawajaomba. Chupa ya mpira ya maji moto miguuni ni uvumbuzi wa bei nafuu unaofaa kuheshimiwa.

La tatu: chumba kinapashwa joto kwa nini? Hapa niruhusu nikunje uso kidogo. Ukiletewa jiko la makaa chumbani, shukuru, kisha lirudishe nje. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa madirisha huua watu wakiwa usingizini. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo. Ota moto sebuleni au uani, kisha ulale na mablanketi.

8. Maporomoko ni ya asubuhi

Sisi wa upande wa Thika tuna maporomoko ya Chania na Fourteen Falls, kwa hiyo mtu anaweza kudhani amekwisha kuona. Fourteen Falls ni mapana, maji yamejigawa kwenye mikondo mingi. Haya ya Nyahururu ni mto mzima, Ewaso Narok, ukifika ukingoni na kujitupa mita 74 kwa mkupuo mmoja.

Mskoti Joseph Thomson alipita hapa mwaka 1883 na kuyapa jina la babake, kana kwamba hayakuwa na jina. Jina la mji lenyewe husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai, na ukilitamka polepole ukiwa umesimama ukingoni, nya-hu-ru-ru, utasikia maji yakikujibu.

Fika kabla ya saa tatu, kabla ya mabasi ya shule na kabla ya mvua. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Anza juu, kwenye uzio, upate picha zako zote. Kisha amua kama utashuka.

Kushuka ni ngazi nyingi, zenye unyevu, zilizopinda kwenye genge lenye miti. Chini kabisa maji hayaonekani tena kama maji. Ni moshi mweupe unaokutembelea usoni, unakaa kwenye kope, unapenya kola. Huwezi kuzungumza na mwenzako, mnaonyeshana vidole tu. Kupanda ndiko kulikonitoa pumzi. Nilikuwa naruka ngazi mbili mbili ili niwahi matatu, nikakuta mzee mmoja amekaa kwenye jiwe na fimbo yake. Akanitazama nikihema, akasema, "Polepole, kijana wangu. Hayo maji hayaishi leo." Nikaketi kando yake. Matatu iliniacha, nayo nyingine ikaja.

Juu utakuta watu wenye vinyonga kwenye vijiti na wengine waliovaa mavazi ya kitamaduni, tayari kwa picha. Ni kazi yao, na ni halali. Patana bei kabla simu haijatoka mfukoni, si baada.

Anayetaka kuona viboko atembee juu ya mto, hadi kwenye dimbwi lao, akiwa na mwenyeji. Kiboko anapenda kuonekana amelala, usimwamini.

9. Siku moja, amka saa kumi na mbili

Najua umekuja kupumzika. Lakini toka nje mara moja tu alfajiri, na kikombe cha chai mkononi, usimame kando ya barabara. Utawasikia kabla hujawaona: nyayo nyingi zikigonga udongo kwa pamoja, pumzi zikitoka kama mvuke wa sufuria. Ni wakimbiaji. Hewa hiyohiyo nyepesi inayokukwamisha wewe ndiyo wanayoifuata wao, kwa sababu mwili ukiizoea hutengeneza seli nyekundu zaidi za damu.

John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano na mshindi wa dhahabu ya mita 5,000 kule Seoul mwaka 1988, huhusishwa na upande huu. Samuel Wanjiru naye ni kijana wa Nyahururu. Mwaka 2008 huko Beijing, akiwa na miaka 21, alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Alifariki mwaka 2011, na mjini bado jina lake hutajwa kwa sauti ya chini kidogo.

Usijaribu kukimbia nao. Wapungie mkono, urudi kwenye blanketi.

10. Alasiri moja iwe ya Ol Bolossat

Kusini mwa mji, upande wa Ol Kalou, kuna ziwa Ol Bolossat, ambalo maji yake huingia Ewaso Narok na kuja kuanguka kwenye yale maporomoko. Si ziwa la kupiga mbizi wala la mashua za kifahari. Ni kinamasi kipana, nyasi, ng'ombe wa wenyeji, viboko, na ndege wengi. Anayestahili safari yako ni korongo taji, yule mwenye shada la dhahabu kichwani. Wakicheza wawili wawili kwenye nyasi, utasahau baridi.

Tafuta kijana wa hapo akuongoze na umlipe vizuri. Ondoka kabla ya giza, kwa kuwa viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na njia yao hawagawani na mtu.

Ikweta nayo inapita kusini kidogo tu ya mji. Kwenye kibao, piga picha mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini. Na popote Ikweta utakapokutana na mtu wa beseni anayekuonyesha maji yakizunguka upande huu hapa na upande ule hatua chache pale, mlipe kwa ustadi wa mkono wake. Katika beseni dogo, Ikweta haihusiki. Ni namna anavyomimina.

11. Rudi mchana, na rudi na gunia

Usipange kufika Flyover usiku. Ukungu wa Kinale na Limuru msimu wa baridi huweza kumeza lori zima likiwa mita chache mbele yako. Ondoka Nyahururu asubuhi, kula Ol Kalou, pita Kinangop wakati wa jua.

Simama Soko Mjinga, pale Magumu. Viazi, karoti, kabichi na njegere mbichi huuzwa huko kwa bei ambayo ukimwambia mama mboga wako wa Juja atanuna. Ndipo utakapofahamu faida ya kubakiza pesa kidogo. Bajeti yangu naigawa hivi: nauli, malazi, chakula, viingilio, na sehemu ya tano ambayo siigusi hadi siku ya kurudi. Hiyo ya tano hulipa nauli ikipanda kwa sababu ya mvua; isipopanda, inakuwa viazi.

Jumatatu asubuhi utasimama tena steji ya Juja. Muuza smokie atakuwa amekumbatia jiko lake, na watu watakuwa wanalalamika. Wewe utajikuta umefungua zipu ya jaketi. Basi leo hii piga simu uulizie chumba, na usisahau swali la kwanza: maji moto yapo saa ngapi?